Bibi kaambiwa serikali itamkatia matibabu: namna ya kulipima dai hilo, na la kufanya baada ya hapo

Kila Bunge la Marekani linapogusa bima ya afya, simu yangu haipumziki. Mimi ni mkalimani wa hospitali hapa Ohio, mzaliwa wa Tanga. Wengi ninaowakalimania ni wazee wa Uvira, Fizi na Bukavu walioletwa na ukimbizi, pamoja na wazazi wa Wakenya na Watanzania walioitwa huku na watoto wao. Ndani ya chumba cha daktari mkalimani hana maoni: nasema alichosema daktari, nasema alichosema mgonjwa, basi. Nikitoka nje nina mdomo wangu, na swali ninaloulizwa ni lilelile, linabadilisha kanga tu: "Mwanangu, ni kweli serikali inaanza mgao wa matibabu? Ni kweli mtu akifika umri fulani hatibiwi tena?"

Maelekezo haya ni ya mtoto au mjukuu anayepigiwa simu hiyo. Tenga saa moja, kalamu, na subira ya kusoma Kiingereza cha wanasheria.

Mwulize amesikia nini hasa

Usianze na "huo ni uongo, Bibi." Mtu aliyekimbia vita Kivu Kusini ana sababu zake za kutoiamini serikali yoyote. Ukimkatiza atanyamaza kwa heshima tu, moyoni akabaki na la redioni.

Mwulize polepole, uandike: nani kasema? Ni sheria iliyokwisha kusainiwa au ni mswada? Ni tiba gani itakatwa, kwa watu gani, kuanzia lini? Anayesema "wataua wazee" hajasema kitu unachoweza kukichunguza. Anayesema "kuanzia Januari Medicare haitalipia nyonga ya bandia kwa aliyevuka miaka 75" amesema kitu kinachotafutika: utakikuta au hutakikuta. Madai mengi yanakufa hapahapa, kwa sababu hakuna anayeweza kuitaja tiba wala tarehe.

Kisha mwambie alete kadi zake zote za bima. Wazee wengi hawajui wana bima ipi, na hofu inakua kwenye kutojua huko. Medicare ni ya waliofikisha miaka 65, na baadhi ya walemavu na wagonjwa wa figo. Medicaid ni ya wenye kipato kidogo, na inaendeshwa na jimbo kwa fedha za jimbo na za serikali kuu. Halafu kuna Medicare Advantage, ambayo jina lake linapoteza watu: pesa ni za serikali, lakini anayeamua lipi lilipiwe ni kampuni binafsi. Zaidi ya nusu ya wenye Medicare sasa wako huko. Kwa hiyo bibi anayeapa kwamba "serikali imenikatalia picha ya MRI" mara nyingi amekataliwa na kampuni, ambayo barua yake imekaa kwenye droo haijafunguliwa.

Tafuta kifungu chenyewe

Miswada ya Bunge iko wazi kwenye congress.gov. Ukiwa na namba unaiandika juu pale, unafungua maandishi, unatafuta neno. Huna haja ya kusoma kurasa zote. Ukifika kwenye kifungu angalia sentensi inamlazimisha nani, inasema lazima au inaruhusu tu, na mswada umefika wapi. Mswada uliokwama kamatini haumkatii mtu hata kidonge.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni wa mwaka 2009, na bado unazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp kana kwamba umetokea jana. Mswada wa H.R. 3200 wa Baraza la Wawakilishi, wa mageuzi ya bima ya afya ya wakati wa Obama, ulikuwa na kurasa zaidi ya elfu moja, na ndani yake kifungu cha 1233. Kifungu hicho, kilichosukumwa na mbunge Earl Blumenauer wa Oregon, kilitaka Medicare imlipe daktari akikaa na mgonjwa kuzungumzia matibabu anayoyataka mwisho wa maisha: nani amsemee akishindwa kusema, anataka mashine ya kupumulia au hataki. Malipo yangetolewa kwa mazungumzo ya mara moja katika miaka mitano, au mapema zaidi hali ya mgonjwa ikibadilika.

Julai mwaka ule Betsy McCaughey, aliyewahi kuwa naibu gavana wa New York, alisema redioni kwamba wazee watalazimishwa kwenda kufundishwa namna ya kumaliza maisha yao mapema. Agosti 7, Sarah Palin, aliyegombea umakamu wa rais kwa Republican mwaka 2008, akaandika Facebook kwamba wazazi wake na mwanawe mwenye ugonjwa wa Down wangesimamishwa mbele ya "kamati ya kifo" ya Obama ili watumishi wa serikali wapime kama wanastahili kutibiwa. Siku chache baadaye Seneta Chuck Grassley akawaambia watu wa Iowa kwamba wana haki ya kuogopa.

Sasa soma kifungu. Ulazima upo, ila unamfunga daktari: akitaka alipwe, mazungumzo lazima yaguse mambo kadhaa yaliyoorodheshwa. Hakuna mstari unaomlazimisha mgonjwa kuingia chumbani, wala kamati ya kumpigia kura. Johnny Isakson, seneta wa Republican kutoka Georgia ambaye mwenyewe alikuwa akihimiza mipango ya namna hiyo, alisema wazi kwamba haelewi mtu amewezaje kukisoma hivyo. PolitiFact, tovuti inayopima madai ya wanasiasa, waliliita dai la kamati ya kifo uongo wa mwaka 2009. Lakini kelele zilikuwa zimeshafanya kazi: kifungu kiliondolewa, na sheria ya mageuzi hayo aliyosaini Obama Machi 23, 2010 haikuwa nacho. Malipo yale yale yaliingia kwa njia ya kanuni Januari 2016. Miaka yote hii Medicare inayalipia, na hakuna kamati iliyoketi.

Usiishie hapo, maana mpinzani makini atakuuliza habari za IPAB. Hiyo ilikuwa bodi ya watu 15 iliyowekwa na sheria ya 2010 ili kupendekeza namna ya kubana matumizi ya Medicare yakipanda kupita kiwango, na mapendekezo yake yangeanza kutumika Bunge lisipoleta njia nyingine. Hofu hii ilikuwa na miguu. Bodi isiyochaguliwa na wananchi, ikikata malipo ya madaktari, inaweza kuwafanya madaktari wasipokee wagonjwa wa Medicare hata kama hakuna aliyetamka neno mgao. Upande wa pili, sheria yenyewe iliikataza bodi kupendekeza mgao wa huduma, kupunguza mafao au kumwongezea mzee gharama. Ukisoma vyote viwili ndipo unaweza kuongea. Bodi haikuwahi kupata hata mjumbe mmoja, na Bunge liliifuta Februari 2018.

Si kila anayeogopa ni mjinga

Vijana wetu waliosoma huku wanapokea neno mgao kwa kicheko. Mimi sicheki, kwa sababu nchi hii imewahi kugawa matibabu mchana kweupe, na mzee akikuuliza inabidi umjibu.

Mifano ninayoisimulia ni ya Seattle na Oregon. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dokta Belding Scribner alikuwa amepata njia ya kumsafisha mgonjwa damu kwa mashine mara kwa mara bila kumharibu mishipa. Mashine zilikuwa chache, pesa chache, wagonjwa wengi. Ikaundwa kamati ya watu saba wasiotajwa majina, karibu wote raia wa kawaida: mwanasheria, mchungaji, mtu wa benki, mama wa nyumbani na wengine. Walikaa wakauliza huyu ana watoto wangapi, ana kazi gani, anakwenda kanisani? Aliyepita aliishi. Mwaka 1962 gazeti la Life lilipoandika habari ile, Wamarekani walishtuka. Kamati ile haikuwa ya serikali, ilizaliwa kwa sababu hakuna aliyekuwa akilipa. Iliyomaliza hali ile ni sheria ya 1972, iliyoingiza karibu kila mgonjwa wa figo zilizokufa kwenye Medicare hata kama hajafika miaka 65. Wazee wangu kadhaa wanakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sheria hiyo, na hawajui kwamba kabla yake kulikuwa na kikao.

Oregon, serikali yenyewe ndiyo iliyogawa. Mwaka 1987 bunge la jimbo liliacha kulipia upandikizaji wa viungo kwa maskini wa Medicaid ili fedha zitumike kwa wengi zaidi. Mtoto wa miaka saba mwenye saratani ya damu akafa mwaka huohuo, familia ikiwa bado inachangisha dola 100,000. Baada ya hapo John Kitzhaber, daktari wa chumba cha dharura aliyekuwa rais wa seneti ya jimbo, alisimamia mpango wa kuorodhesha magonjwa na tiba kwa mpangilio, kisha kuchora mstari: vya juu vinalipiwa, vya chini havilipiwi, na idadi ya maskini wanaofunikwa inaongezwa. Orodha ya kwanza, ya 1990, ilitoka kwenye kompyuta na iliweka kufunika jino juu ya upasuaji wa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Wakairudia. Mwaka 1992 serikali ya Bush baba iliukataa mpango kwa hoja kwamba unawabagua walemavu, ya Clinton ikaukubali 1993, na ukaanza 1994. Unaweza kuuchukia mstari ule, lakini ulichorwa hadharani, na watu walijua wamwendee nani kupiga kelele.

Uingereza wanafanya kwa namna yao: taasisi ya NICE, iliyoanzishwa 1999, hupima dawa mpya kwa gharama yake ikilinganishwa na miaka ya uhai wenye afya inayoongeza, na kwa muda mrefu kiwango kilichotumika kilikuwa pauni 20,000 hadi 30,000 kwa mwaka mmoja wa namna hiyo. Wapinzani wa mageuzi Marekani huutaja mfano huu mara nyingi, na wana haki ya kuutaja, kwa kuwa ni wa kweli. Wanachosahau kukwambia ni kwamba sheria ya 2010 iliikataza Medicare kutumia kipimo cha aina hiyo kuamua lipi ilipie.

Angalia na anayeuza hofu

Haya mambo yana umri. Mwaka 1961 chama cha madaktari wa Marekani, AMA, kilimrekodi Ronald Reagan, wakati ule mwigizaji, kwenye sahani ya santuri, na wake wa madaktari wakaalika majirani kunywa kahawa na kumsikiliza akionya kwamba bima ya serikali kwa wazee ni mlango wa ujamaa. Medicare ilisainiwa Julai 30, 1965 hata hivyo, na leo mwanasiasa anayeigusa anatafuta balaa. Mbinu ile haikufa. Iligeuka tu: sasa unamtisha mzee kwamba *wengine* wanataka kumnyang'anya Medicare yake.

Na usidhani ni chama kimoja. Mwaka 2011, Paul Ryan wa Republican alipopendekeza kuigeuza Medicare iwe ruzuku ya kununulia bima, kikundi cha upande wa pili kilitoa tangazo la mtu anayemsukuma bibi kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwenye jabali na kumtupa. Democratic nao wakasema Republican wamepiga kura ya kuimaliza Medicare, na PolitiFact wakaupa uongo huo tuzo ileile ya mwaka. Kwa hiyo tangazo likiingia kwenye simu ya mama karibu na uchaguzi, soma maandishi madogo ya chini yanayosema limelipiwa na nani. Ni kazi ya sekunde kumi na inaokoa usingizi.

Wakati huohuo, kuna kupunguzwa kwa kweli ambako hakuitwi mgao hata siku moja. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inaweka sharti la saa 80 za kazi au shughuli kama hiyo kwa mwezi kwa watu wazima wengi walioingia Medicaid kwa upanuzi wa sheria ya 2010, kufikia Januari 2027. Na kuanzia Oktoba 2026 inawaondoa kwenye Medicaid wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata kadi ya kijani. Hakuna aliyeandika "wazee wa Kongo wasitibiwe." Kumeandikwa nani anaruhusiwa kupita mlangoni. Kama mzazi wako ni mkimbizi na ametimiza mwaka tangu afike, fomu ya kadi ya kijani ni suala la hospitali pia. Mtafutie mwanasheria wa uhamiaji wa bei nafuu mwezi huu, hilo lisisubiri Krismasi.

Barua ya kukataliwa ikiwa mezani

Hapa ndipo ningependa nguvu zako nyingi ziende, maana mgao unaomgusa mzee wako leo huja kwa bahasha.

Tarehe iliyo kwenye barua ndiyo ya kuizungushia kalamu kwanza. Medicare ya kawaida inatoa siku 120 za kukata rufaa ya kwanza, Medicare Advantage 65, na bima za kazini au za soko la bima chini ya sheria ya 2010 zinatoa 180. Soma sababu. "Haina ulazima wa kitabibu" ni sababu ya kubishana kwa barua ya daktari. "Hakuna kibali cha awali" mara nyingi maana yake ofisi ya daktari haikutuma karatasi, na simu moja inatosha. "Hayumo kwenye mtandao wetu," yaani daktari hayumo kwenye orodha ya kampuni, ni vita vingine kabisa.

Mpigie daktari, siyo kampuni. Mwombe barua inayotaja ugonjwa, tiba zilizojaribiwa zikashindikana, na kitakachotokea tiba hii ikicheleweshwa. Kama kuchelewa kunahatarisha maisha, omba rufaa ya haraka: kampuni lazima ijibu ndani ya saa 72. Kwa Medicare Advantage, kampuni ikishikilia msimamo wake faili linapelekwa lenyewe kwa mkaguzi wa nje. Na fanya hivyo hata kama unaona huna nafasi. Kwa hesabu za KFF, shirika la utafiti wa sera za afya, mwaka 2022 kampuni za Medicare Advantage zilikataa maombi ya kibali yapatayo milioni 3.4, waliokata rufaa hawakufika kumi kwa mia, na zaidi ya asilimia 80 ya rufaa hizo zilibadilisha uamuzi, wote au sehemu yake. Namba hizo huniudhi kila nikizisoma. Wengine walikata tamaa tu.

Kuna bahasha moja ina haraka kuliko zote: notisi kwamba malipo ya kituo cha uuguzi au ya muuguzi wa nyumbani yanakoma. Inatakiwa ifike angalau siku mbili kabla. Una mpaka saa sita mchana ya siku inayotangulia siku ya kukatwa kupiga namba iliyoandikwa humo na kuomba mapitio. Mzee mmoja wa Uvira, aliyekuwa akijifunza kutembea upya baada ya kiharusi, alipewa karatasi hiyo na akatia saini akidhani anakubali kufukuzwa. Saini ile inathibitisha kupokea tu. Binti yake, ambaye ameniruhusu nisimulie bila majina, alipiga simu Alhamisi asubuhi, mtaalamu wa mazoezi akatuma maelezo, na mzee akaongezewa muda.

Ukikwama, kila jimbo lina washauri wa Medicare wa bure chini ya mpango wa SHIP, na hapa Ohio wanaitwa OSHIIP. Hawauzi bima. Sema "Swahili" simu inapopokelewa, usubiri: mkalimani ni haki na halipiwi na mgonjwa. Tafadhali usimfanye mtoto wa darasa la sita kuwa mkalimani wa bibi yake katika mambo haya.

Yale mazungumzo yaliyozua kelele zote

Mwisho, yafanye. Najua kwetu kumwuliza mzazi habari za kufa ni kama kumwombea. Mimi huingilia kwa mlango wa nyuma: "Mama, ukilala huwezi kusema, unataka daktari amwulize nani?" Hilo halina uchuro, na jibu lake ndilo nusu ya kazi. Akikutaja wewe, endelea: anataka mashine kwa muda gani, anataka kufia wapi, nani asihusishwe. Akitaka kila tiba mpaka pumzi ya mwisho, hilo nalo linaandikwa, na linamlinda kuliko kukaa kimya. Ofisi ya daktari ikipigiwa kabla inaweza kutenga muda wa mazungumzo haya na Medicare ikalipa. Akikataa, amekataa, hakuna adhabu.

Kwa Ohio kuna fomu mbili: ya kumteua msemaji wa mambo ya afya, na ya matakwa ya mwisho wa maisha. Zinahitaji mashahidi wawili au mthibitishaji wa umma. Mashahidi wasiwe ndugu wa damu, wa ndoa wala wa kulea, na asiwe daktari anayemtibu, kwa hiyo majirani wawili au waumini wawili wa kanisani au msikitini wanatosha. Toa nakala: moja kwa daktari, moja hospitali anayokwenda siku zote, moja kwa msemaji, na picha kwenye simu yako. Usiifungie kwenye sanduku la benki, maana ambulensi huja usiku na benki hufunguliwa asubuhi.